Shaba na Nikeli Katika Maji ya Chumvi

Mwalimu wa sayansi anayetaka kuanza somo la metali kwa kitendo badala ya maneno, na aombe kwa wazee shilingi moja ya Tanzania ya mwaka 1966, ile yenye picha ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili. Aiweke mezani na kuisogezea sumaku. Shilingi haitatikisika. Kisha atafute shilingi moja iliyotolewa kuanzia mwaka 1987, na kuisogezea sumaku ile ile. Hii itaruka na kunata. Kwa macho sarafu zote mbili ni nyeupe, nazo zang'aa kama fedha. Ile ya pili, hata hivyo, ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya nikeli, na ile ya kwanza ni ya namna moja kuanzia nje mpaka ndani: robo tatu shaba, robo moja nikeli.

Hapo mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi atauliza maswali mawili. Ikiwa robo tatu za sarafu hii ni shaba, wekundu wa shaba umekwenda wapi? Na nikeli ni miongoni mwa metali chache zinazovutwa na sumaku, pamoja na chuma na kobalti. Basi mbona robo nzima ya nikeli haikuitikia sumaku hata kidogo? Maswali haya mawili yatatuingiza katika tabia za aloi ya shaba na nikeli. Kazi yake iliyo nzito, lakini, haimo mfukoni bali baharini, na huko ndiko tuendako.

Kwanza tumalize habari ya sarafu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni ilikuwa na sehemu 250 za fedha katika kila sehemu 1000 hadi mwaka 1946. Kuanzia mwaka 1948 ikatengenezwa kwa shaba na nikeli. Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kuziondoa fedha katika sarafu zake mwaka 1947, kwa kuwa ilidaiwa na Marekani fedha nyingi ilizoazima wakati wa vita. Mwananchi aliyeshika shilingi mpya hakuona tofauti kubwa. Weupe ulikuwa ule ule, na mlio wake juu ya kaunta ulikaribia kuwa ule ule.

Tukirudi kwenye maswali yetu, tutazame jedwali la elementi. Nikeli ni ya 28 na shaba ni ya 29. Ni majirani wa ukuta mmoja. Nusu kipenyo ya atomu ya nikeli ni kama nanomita 0.125 na ya shaba ni 0.128, tofauti isiyofika asilimia tatu. Tena fuwele za metali zote mbili zimejengwa kwa mtindo mmoja: mchemraba wenye atomu katika kila pembe na atomu nyingine katikati ya kila uso. Kwa hiyo atomu ya nikeli inaweza kuketi mahali pa atomu ya shaba bila kuwasumbua wenzake. Chumvi haichanganyiki hivyo na maji: gramu 100 za maji ya kawaida hukubali gramu 36 hivi za chumvi, na inayozidi hutuama chini. Shaba na nikeli hufanana zaidi na maji na spiriti, ambavyo huchanganyika kwa kiasi chochote utakacho. Tofauti ni kwamba mchanganyiko huu ni mgumu kama jiwe. Wanakemia huuita mmumunyo mango, yaani mmumunyo ulio katika hali ya yabisi.

Shaba tupu ni nyekundu kwa sababu huumeza mwanga wa buluu na wa kijani na kuurudisha mwekundu na wa njano. Elektroni za nikeli zinapoingia, zinaumeza pia sehemu ya ule mwekundu, hata mwanga unaorudi ukawa karibu sawa katika rangi zote. Na mwanga wa namna hiyo jicho huuita mweupe. Kufikia asilimia 20 hadi 25 za nikeli wekundu umekwisha kabisa.

Ama kuhusu sumaku, usumaku wa nikeli watokana na nafasi zilizo wazi katika tabaka fulani la elektroni zake, nafasi kama sita kwa kila atomu kumi. Atomu ya shaba ina elektroni moja zaidi ya ile ya nikeli. Shaba ikizidi kuongezwa, elektroni zake zaendelea kuziba nafasi hizo, na zikikaribia asilimia 60 za shaba nafasi zote zimezibwa. Wanafizikia wa leo wana hesabu ndefu kuliko hiyo, lakini picha hii rahisi yatoa jibu lililo sahihi kwa shilingi yetu. Yenye shaba asilimia 75 haina usumaku. Ninamwomba msomaji auweke moyoni ule mtihani wa sumaku, maana tutauhitaji tena.

Watu waliitumia aloi hii muda mrefu kabla ya kuijua. Katika karne ya pili kabla ya Kristo wafalme wa Baktria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Afghanistan, walipiga sarafu zenye nikeli kama asilimia 20. Mmoja wao alikuwa Euthydemus wa Pili. Wachina nao walikuwa na shaba yao nyeupe iliyochanganywa na zinki. Katika Ujerumani wachimba migodi walikutana na mawe mekundu yaliyofanana na mawe ya shaba lakini yakatoa moshi wa sumu, wala yasitoe shaba hata chembe. Waliamini kuna jini mchezaji aliyeyaroga, wakayaita Kupfernickel, yaani shaba ya jini huyo. Mwaka 1751 Axel Cronstedt wa Sweden aliitenga metali mpya na kuiachia nusu ya jina hilo. Hivyo nikeli, kwa maana ya asili, ni jina la shetani wa migodini.

Mafundi huzigawa aloi katika makundi mawili kwa jinsi zinavyopewa umbo. Ziko za kusubu, ambazo humiminwa katika kalibu na kubaki na umbo la kalibu, kama vile miili ya pampu na valvu. Ziko pia za kufua, ambazo baada ya kumiminwa hupigwa, hubinywa au huvutwa mpaka ziwe mabamba, fito, waya na mabomba. Kufua si suala la umbo tu. Aloi yenye shaba asilimia 90 na nikeli asilimia 10 haigandi kwa nyuzi moja ya joto kama shaba tupu, ambayo huganda penye nyuzi 1085 za Sentigredi. Huanza kuganda karibu na nyuzi 1145 na kumaliza karibu na 1100. Chembe za kwanza kuganda huchukua nikeli kupita kiasi chake, kwa kuwa nikeli yenyewe huganda penye nyuzi 1455. Na zile za mwisho huachiwa shaba nyingi. Kipande kilichosubiwa, kikisuguliwa na kutazamwa kwa hadubini, chaonyesha matawi kama ya mti, kiini cha kila tawi kikiwa na nikeli zaidi ya ngozi yake.

Kipande hicho hupashwa moto tena hadi kati ya nyuzi 850 na 950, kikasukumwa kwa nguvu katika tundu ili kiwe bomba nene. Bomba hilo huvutwa likiwa baridi kupita matundu madogo zaidi na zaidi, na kati ya mvuto mmoja na mwingine hupashwa moto ili lilainike. Katika misukosuko hiyo matawi yanavunjika, atomu zinahama, na nikeli inasambaa sawasawa. Bomba lililokamilika lina tabia moja kila mahali. Hilo ni jambo kubwa baharini, kwa kuwa maji ya chumvi hutafuta mahali palipo dhaifu.

Katika meli inayoendeshwa kwa mvuke, maji ya boila ni maji matamu, nayo ni ya thamani. Mvuke ukishazungusha turbini hupelekwa kwenye kondensa, chombo chenye maelfu ya mirija myembamba. Ndani ya mirija hupita maji baridi ya bahari. Nje yake mvuke hugeuka maji na kurudishwa kwenye boila. Ukuta unaotenganisha maji ya bahari na maji ya boila ni mnene kidogo tu kupita milimita moja. Mrija mmoja ukitoboka, chumvi huingia katika boila na kuanza kuila. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Jeshi la Maji la Uingereza lilisumbuliwa sana na jambo hili, hata mabaharia wakalipa jina la mzaha lenye mwisho kama wa jina la ugonjwa. Manowari iliyogharimu mamilioni ililazimika kupunguza mwendo au kurudi bandarini kwa ajili ya tundu lisilopita tundu la sindano.

Mirija ya wakati huo ilikuwa ya shaba ya njano: shaba asilimia 70, zinki 29, bati 1. Mara nyingine zinki ilitoka ndani ya aloi ikaacha shaba yenye vinyweleo kama sifongo. Mara nyingi zaidi maji yaendayo kasi, yenye mapovu ya hewa, yalibandua utando unaoikinga metali. Kila ulipojijenga ukabanduliwa tena, mpaka shimo likatokea. Baada ya vita mafundi waligeukia aloi ya shaba 70 na nikeli 30. Ilikuwa bora, lakini ghali.

Ufumbuzi mzuri zaidi ulikuja katika miaka ya 1930, nao ulitokana na kitu ambacho hakuna mtu angependa kukisogeza karibu na maji ya bahari: chuma. Majaribio yalionyesha kuwa chuma kidogo, kama asilimia moja au moja na nusu, kikimumunyishwa ndani ya aloi, huuzidishia utando ugumu wa kubanduliwa na maji. Na kwa msaada wa chuma hicho, nikeli asilimia 10 iliweza kufanya kazi iliyokaribia ile ya nikeli asilimia 30. Theluthi mbili za nikeli ziliokolewa kwa chembe ya metali iliyo rahisi kuliko zote. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba yale maandishi yaliyo mwisho wa orodha ya viambato yasomwe kwanza.

Aloi hiyo ya kufua, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, ina nikeli kati ya asilimia 9 na 11, chuma kati ya 1.0 na 1.8, na manganizi isiyozidi 1. Zinki hairuhusiwi kuzidi 1, na risasi isizidi 0.05, ikiwa bomba litaungwa kwa kuchomelewa, viwango hivyo hushushwa zaidi, maana risasi hufanya kiungo kipasuke kingali moto. Kinachobaki ni shaba. Manganizi huisafisha aloi inapoyeyushwa, kwa kushika oksijeni na salfa ambazo zingeiharibu.

Chuma nacho kina masharti. Chafaa kikiwa kimemumunyika tu. Bomba likipashwa moto kisha likaachwa lipoe polepole mno, sehemu ya chuma hujitenga pamoja na nikeli ikawa chembe ndogo ndogo zisizoonekana, na uwezo wa bomba kuyakabili maji hupungua. Kwa macho huwezi kulitambua bomba la namna hiyo, na uchambuzi wa kemia utatoa tarakimu zile zile. Lakini chembe hizo zina usumaku. Chombo makini cha kupimia usumaku huonyesha kuwa aloi ambayo ingepasa kuwa baridi mbele ya sumaku, kama shilingi yetu ya 1966, imeanza kuitikia.

Kwa nguvu, aloi hii ni ya wastani. Waya wake uliolainishwa kwa moto, wenye unene wa milimita mraba moja, hubeba kilogramu 30 hivi kabla ya kukatika, ambapo waya wa shaba laini hubeba 22 hivi. Uzito wake ni ule ule wa shaba, gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo. Umeme huupitisha vibaya: kama asilimia 9 tu ya uwezo wa shaba tupu. Aliyepata kupita katika shamba la mkonge kule Tanga ataelewa mara moja. Mistari ikiwa imenyooka, mtu hukimbia kutoka upande huu hadi ule bila kuchomwa na mwiba. Mmea mmoja katika kila kumi ukipandwa nje ya mstari, atapunguza mwendo. Elektroni husumbuliwa vivyo hivyo na atomu za nikeli zilizotawanyika bila mpango.

Joto nalo hupita kwa shida, kwani katika metali joto huchukuliwa hasa na elektroni hizo hizo. Shaba hupitisha joto takriban mara nane zaidi ya aloi hii. Mwanafunzi atauliza: kwa nini basi ichaguliwe kwa kondensa, chombo ambacho kazi yake ni kupitisha joto? Ni kwa sababu ukuta wa mrija ni mwembamba mno. Kizuizi kikubwa zaidi cha joto ni tabaka la maji lililogandamana na ukuta, pamoja na uchafu. Mrija wa shaba tupu ungeipita aloi hii kidogo tu, kisha ungetoboka.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa pwani wataithamini. Nahodha wa jahazi anajua taabu ya kupandisha chombo ufukoni, kukwangua viumbe wenye magamba ya chokaa waliogandamana chini yake, na kukipaka deheni upya. Aloi ya shaba na nikeli hutoa ioni za shaba kidogo kidogo, na viumbe hao wachache tu hukubali kujishikiza. Mwaka 1971 ilijengwa Mexico mashua ya kuvulia kamba iliyoitwa Copper Mariner, ambayo mwili wake ulikuwa wa aloi hii ya nikeli asilimia 10. Ilifanya kazi miaka mingi katika maji ya joto ya Nicaragua bila kuhitaji kukwanguliwa kama wenziwe. Sharti ni kwamba aloi isigusane na chuma cha kawaida majini. Ikigusana nacho, chuma hujitoa mhanga na kulika haraka, na aloi, ikiwa imekingwa hivyo, huacha kutoa ioni, viumbe wanarudi. Fundi anayefunga bamba zuri la aloi kwa bolti za chuma amepoteza vyote viwili.

Katika nchi za Ghuba, Omani ikiwa mojawapo, viwanda vya kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa kwa njia ya mvuke vilitumia mirija ya aloi za shaba na nikeli kwa wingi kuanzia miaka ya 1970. Viwanda vipya vingi sasa husukuma maji kupitia ngozi za plastiki badala ya kuyachemsha, na haja ya mirija imepungua huko. Metali zenyewe ziko pia karibu nasi: shaba katika Katanga na Zambia, nikeli katika Kabanga wilayani Ngara na Musongati nchini Burundi.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba aloi ndiyo inayoyakabili maji. Sivyo hasa. Kinachoyakabili ni ule utando, ambao kwa sehemu kubwa ni oksidi nyekundu ya shaba, yenye nikeli na chuma ndani yake. Nao hauji na bomba kutoka kiwandani. Hujengwa na maji yenyewe. Katika bahari yenye joto kama yetu huanza kuonekana baada ya siku chache, lakini hukomaa baada ya miezi miwili au mitatu. Ukishakomaa, bomba hupoteza chini ya sehemu mbili na nusu za mia za milimita kwa mwaka, na kiasi hicho huendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Maji yakienda kasi kupita mita 3.5 hivi kwa sekunde katika mabomba makubwa, utando hubanduliwa. Katika mirija ya kondensa kikomo ni cha chini zaidi. Yakienda polepole mno, mchanga hutuama na ulikaji huanza chini yake.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa maabara kipande cha mrija kutoka kiwanda kimoja cha mwambao. Mirija ilikuwa mipya, haijafikisha mwaka, na kadhaa ilikuwa imetoboka. Wenye kiwanda waliamini wameuziwa bidhaa hafifu na walikuwa wakijitayarisha kumshtaki aliyewauzia. Tulipima nikeli: imo ndani ya mipaka. Chuma kadhalika. Tulipima usumaku: hakuna. Lakini ndani ya mrija, badala ya rangi ya hudhurungi, mlikuwa na ngozi nyeusi iliyobanduka kwa ukucha, na chini yake mashimo. Katika kona moja palibaki tope kidogo, na tope hilo lilinuka kama yai viza. Kila aliyepata kukanyaga matope meusi ya mikoko maji yanapokupwa aijua harufu hiyo. Ni ya hidrojeni salfaidi, itengenezwayo na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, wakitumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari. Gesi hiyo ikikutana na shaba huunda sulfidi nyeusi, na utando wa sulfidi haukingi kitu.

Nilikwenda kuuliza. Fundi mkuu, mzee mwenye kumbukumbu nzuri, alinieleza bila kuficha. Siku ya kujaribu mitambo walijaza mabomba maji kutoka kwenye gati, bamvua likiwa limekupwa, mahali ambapo mfereji wa maji machafu wa mji humwagika. Kisha kifaa kimoja cha umeme kikakosekana, na maji yale yakakaa ndani ya mabomba wiki saba kikisubiriwa. Hivyo utando wa kwanza wa mirija ile ulijengwa katika maji yaliyooza. Hata yalipokuja maji safi, hayakupata mahali pa kuanzia.

Mashtaka hayakupelekwa. Mirija mipya ilipofika, mzee yule aliijaribu kwa maji matamu, akaimwaga na kuikausha kwa hewa siku ile ile. Mtambo ulipokuwa tayari, alivuta maji ya bahari wakati wa kujaa tu, kutoka kina kirefu, na hakuyaacha yasimame miezi mitatu ya mwanzo, hata katika siku za sikukuu. Baada ya mwaka tuliutoa mrija mmoja na kuupasua kwa urefu. Ndani ulikuwa na rangi ya hudhurungi, laini kwa kidole, usio na shimo.